Rangi ya Fulana Ziwani

Kazi yangu ni kugombana na watu kuhusu rangi. Kibao cha kibanda changu hapa Kisumu kinasema nachapisha fulana, mabango na vijitabu vya mazishi, lakini ukishinda nami siku moja utaona kuchapisha ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni mteja kuingia na simu mkononi, kuinyoosha mpaka karibu na pua yangu, na kusema, "Si nilikuonyesha hii? Sasa hii umeniletea ni gani?"

Mimi nami si mtu wa kunyamaza. Mama husema hasira zangu hazibishi hodi. Humtoa mteja huyo nje, nikamsimamisha mlangoni upande wa kivuli, mahali ambapo jua halipigi na taa ya ndani haifiki, nikashika kitambaa mkono huu na simu yake mkono huu. Nikizima kile kichujio kinachoifanya skrini iwe ya manjano ili macho yasiumie, rangi inaruka. Nikipandisha mwangaza, inaruka tena. Tukitoka juani, skrini inageuka kioo cha kujitazamia na rangi inapauka mpaka haina jina. "Sasa niambie," namwuliza, "katika hizi zote, wewe ulichagua ipi?" Wengi hucheka. Wachache hunitukana. Ukweli ni kwamba kila simu huongopa kwa namna yake, na mtu huzoea uongo wa simu yake mpaka akaona za wenzake ndizo mbovu.

Nayasema haya kwa sababu ugomvi uliotuingia nyumbani ulikuwa ni uleule wa kibandani. Tofauti ni kwamba safari hii tulibishania kama mdogo wangu yu hai au amekufa.

Fulana yenyewe ilitokana na ugomvi mwingine. Kikundi kimoja cha kina mama kiliniagiza fulana za zambarau, na rangi waliichagua wenyewe kwenye simu ya mwenyekiti wao. Mzigo ulipofika, mwenyekiti akaishika moja kwa vidole viwili kana kwamba inanuka. "Sisi tulisema purple ya kanisa," akaniambia. "Hii ni purple ya nani?" Tulipigizana kelele mpaka fundi wa viatu jirani yangu akaja kutuamua. Wakaondoka, nikabaki na zambarau yangu. Tangu hapo ukoo wetu mzima ulivaa zambarau. Mama aliilimia shambani, mimi niliilalia nyumbani kwangu Migosi, na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi wa injini za boti, akaifanya nguo ya kazi. "Dada, endelea kukosana na wateja," alikuwa akinitania. "Mimi nguo zimeniishia."

Asubuhi aliyoondoka alipita kibandani kuchaji simu. Nilimwona vizuri: suruali nyeusi, na ile fulana, kifuani maandishi meupe ya kile kikundi, mgongoni hakuna kitu. Alisema anakwenda Dunga kupanda boti, ameitwa ng'ambo ya ghuba kutengeneza injini iliyokufa. Akanywa chai yangu yote, akaondoka simu ikiwa haijajaa.

Jioni hiyo upepo ulivuma mpaka mabati ya kibanda yakaanza kupiga kelele. Kesho yake habari zikatoka Dunga kwamba kuna boti imezama, lakini hakuna aliyejua ni ipi, kwa kuwa ziliondoka kadhaa. Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Nilipiga, nikapiga, mpaka ile sauti ya mwanamke wa mtandao nikaichukia kama ya mtu ninayemjua. Mama alikuwa kwetu Seme, nje kidogo ya Kombewa, akingoja. Nilipompigia aliniambia amepika kama kawaida, na chakula cha mdogo wangu amekifunika.

Picha iliingia asubuhi iliyofuata. Aliituma baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, kwenye grupu ya familia, na chini yake akaandika: "Mwili umeonekana bichi ya huku kwetu. Nani anajua alivaa gani?"

Niliifungua nikiwa nimesimama katikati ya kibanda. Mtu alikuwa amelala kifudifudi kwenye maji ya ukingoni, katikati ya magugu maji. Uso na mikono vilikuwa chini. Kilichoonekana ni kisogo, suruali nyeusi, na mgongo mpana wa fulana isiyo na maandishi. Nilitazama mgongo ule, nikakaa juu ya boksi la karatasi.

Ulikuwa wa bluu.

Nilisema hivyo kwa sauti, nikiwa peke yangu. Kisha nikampigia baba mdogo. "Baba, si yeye. Yeye alivaa zambarau. Huyu ni bluu."

"Bluu gani?" akasema. "Hii ni purple. Mimi nimeishika hapa, naiangalia na macho yangu."

"Ni bluu, baba."

"Nyathina, mwanangu, wewe usinifundishe rangi. Hata shangazi yako ameona. Hata jirani ameona. Wote wanasema purple."

Simu ya baba mdogo ninaijua. Anaisomea Biblia, na mjukuu wake alimwashia kile kichujio cha macho, na tangu siku hiyo hakijazimwa. Picha zake zote zina rangi ya chai. Bluu ikipita kwenye manjano ile yaweza kutoka yoyote: kijivu, hudhurungi, zambarau. Nikaanza kumweleza jinsi ya kukizima na hapo hasira zikanipanda, kwa maana alikuwa anabonyeza kila kitu isipokuwa pale ninapomwambia. Mara akazima simu nzima. Alipoiwasha tena, grupu ilikuwa imeshakuwa soko. Binamu wa Nairobi aliona bluu. Wa Nakuru aliona zambarau. Mwingine aliona kijivu akauliza kama kuna fulana za kijivu. Watu walikuwa wanapiga kura juu ya ndugu yangu.

Kilichonitisha zaidi ni mama. Yeye hana simu ya picha, ana kabambe ya kupiga na kupokea. Alikuwa ameketi pale kwa baba mdogo akisubiri aambiwe. Na kwetu, mtu akithibitika amekufa, ni mama mwenye mtu anayefungua mdomo kwanza. Anapiga nduru. Nduru hiyo inavuka mashamba, majirani wanaacha majembe, wanakuja wakipiga zao, na ikishatoka hakuna anayejua namna ya kuirudisha. Mama huamini kwamba ukimlilia mtu aliye hai umemfungulia njia ya kifo. Sijui kama naamini. Najua kwamba siku ile sikutaka kujaribu.

Nikampigia tena baba mdogo, nikaomba nipewe mama. Nikasikia simu ikipita mikononi, kisha pumzi yake.

"Mama, umeiona?"

"Wananionyesha. Macho yangu inaona maji tu. Baba yako mdogo anasema nijitayarishe. Nyara, binti yangu, wewe ndio unajua rangi. Ni gani?"

Hapo ndipo nilipaswa kujibu bluu. Nilikuwa nimeshaifungua picha tena ili niitazame nikimjibu, nikaikuza kwa vidole viwili, na badala ya mgongo nikaona kitu pembeni ambacho sikuwa nimekitazama. Magugu maji yalikuwa yametoa maua.

Kila mtu wa ziwa hili anayajua maua yale. Ni ya zambarau iliyofifia. Nimeyaona tangu utoto, tumeyachezea, tumeyalaani yanapoziba njia ya boti. Kwenye picha ile, kwenye simu yangu, maua yale yalikuwa ya bluu.

Nikaelewa. Kamera iliyoipiga picha, au simu yangu, au zote mbili, zilikuwa zimegeuza zambarau kuwa bluu. Kama maua yamegeuka, fulana nayo yaweza kuwa imegeuka. Bluu yangu, ile niliyokuwa nimeishikilia na kuitetea kwa kelele, haikuwa na thamani yoyote. Mimi ninayewacheka wateja nilikuwa nimeamini simu yangu kwa sababu iliniambia nilichotaka.

"Nyara?" mama akaita.

"Mama, hii picha haisemi kitu," nikasema. "Si kwenye simu yangu, si kwenye ya baba mdogo. Usifungue mdomo. Naenda mwenyewe."

Sikumwambia habari za maua. Nilifungua boksi la mzigo uliokataliwa, nikatoa fulana moja ya zambarau, nikaikunja ndani ya begi, nikafunga kibanda. Mteja akiniletea kipande cha kitambaa badala ya picha, huwa namshukuru, maana kitambaa kwa kitambaa, katika mwanga mmoja, hakuna ubishi. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua.

Nilichukua bodaboda mpaka huko, jua likizidi kupanda. Dereva alitaka kuzungumza, nikamwambia aendeshe tu. Njia nzima nilishikilia begi tumboni. Nilikuwa na woga wa aina ambayo sikuwahi kuipata: nilikuwa nimebeba kitu ambacho kingeweza kuniambia ukweli, na kila tulipopita kona nilitamani kukitupa. Kama rangi zingelingana, ningekuwa nimeipeleka mwenyewe nduru mpaka kwenye mdomo wa mama.

Bichi ilikuwa ndogo, boti chache zimepinduliwa mchangani, nyavu za omena, dagaa wa ziwani, zimeanikwa, na watu wamesimama kwa mbali wameshika vifua. Mwenyekiti wa bichi, mzee aliyevaa kofia na mabuti ya mpira, alikuja kunipokea. Mwili ulikuwa palepale majini, karibu na matete, umefungwa kwa kamba kwenye nguzo usije ukachukuliwa na mawimbi.

"Pole, mama," akasema. "Hakuna kumguza, hakuna kumgeuza. Polisi wako njiani. Kutoka asubuhi wako njiani."

"Simgusi," nikamwambia. "Nataka kuweka nguo karibu na nguo tu."

Akanitazama bila kuelewa, na kabla sijamweleza, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma yangu. "Na wewe umekuja kuangalia?"

Alikuwa ameketi juu ya boti iliyopinduliwa, peke yake. Alivaa kanzu nyeupe ya kanisa lake na kitambaa kikubwa cheupe kichwani, na simu ilikuwa mapajani. Alikuwa wa umri wangu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari ndefu.

"Ndiyo," nikasema.

"Wako ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Wangu ni bwana yangu. Yeye hubeba omena kwa boti. Wako alivaa nini?"

"Zambarau. Purple."

Nikaona mabega yake yakishuka. Alifumba macho, akayafungua, na akaniambia kwa upole ambao bado nausikia, "Basi ni wako. Pole sana, nyaminwa, dada yangu. Wangu alivaa tisheti ya bluu."

Nusura nimpige. Nasema kweli, mkono ulijikunja wenyewe. Akainua simu yake anionyeshe, kwa sababu alidhani nahitaji msaada wa kuamini. Ilikuwa picha ileile; ilikuwa imezunguka bichi zote. Kwenye skrini yake mgongo ulikuwa wa zambarau, na matete yalikuwa na umanjano wa nyasi kavu, na hata mawingu yalikuwa na rangi ya uji. Kichujio kilikuwa kimewashwa. Kilikuwa palepale juu, alama ndogo ya jicho. Ningeweza kukigusa kwa kidole kimoja.

Sikukigusa. "Yangu inaonyesha bluu," nikamwambia.

Akaitazama simu yangu, nami nikaitazama yake. Sote wawili tulielewa, nadhani, kwamba kila mmoja alikuwa amekuja mpaka pale akiwa ameshika simu inayomwambia kwamba aliyekufa ni wa mwingine.

Nikavua viatu, nikaingia majini. Yeye akaja nyuma yangu na kanzu yake ikilowa. Mwenyekiti alifuata akinung'unika kuhusu polisi. Nilidhani nikifika karibu nitajua mara moja, lakini jua lilikuwa limesimama juu yetu na maji yalikuwa yanalirudisha machoni, na mgongo ule uliolowa ulimeta hapa na kuwa mweusi pale. Ungeweza kuapa juu ya rangi yoyote. Maji yalikuwa yamemvimbisha, kwa hiyo umbo nalo halikuniambia kitu. Nilijaribu kuyatazama masikio yake nikaona nitaanguka, nikaacha.

Nilitoa fulana yangu kwenye begi. Ilikuwa kavu, na nguo kavu haiwezi kushindana na iliyolowa, maana maji hutia giza rangi yoyote. Nikainama nikaizamisha ziwani, nikaikanda mpaka ikanywa maji yote iliyoweza kunywa. Ilinitoka mara moja, nikaikamata ikielea.

"Nahitaji kivuli," nikasema.

Mwenyekiti alitaka kunisaidia. Akaagiza mwavuli, ukaletwa, mwavuli mkubwa mwekundu wa matangazo. Alipoufungua juu yetu kila kitu kikawa chekundu, mikono yangu, maji, ile kanzu nyeupe.

"Toa hiyo!" nikafoka. "Toa! Chini ya hiyo hata maziwa ni mekundu!"

Akaufunga haraka. Nikageuka kumtazama yule mwanamke. "Kitambaa chako," nikamwambia. "Tafadhali. Nishikie hapa juu, kwa mikono miwili. Cheupe hakidanganyi."

Alikifungua kichwani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa zamani, zimeanza kufumuka. Akakinyoosha juu ya mgongo ule na juu yangu, akakishika kwa vidole vyote, na jua likakatika. Chini ya kitambaa kile mwanga ulikuwa mtulivu, mwanga wa mlangoni kwangu. Nikaitandaza fulana yangu juu ya maji, pindo lake likagusana na pindo la fulana ya marehemu.

Rangi ziliachana palepale. Yangu ilikuwa zambarau, nzito, yenye wekundu ndani yake. Yake ilikuwa bluu. Haikuwa bluu ya kubishaniwa. Ilikuwa bluu ya sare ya shule, bluu ya jerikeni ya maji, na ukiona mbili hizo pamoja unashangaa mtu aliwezaje kuzichanganya.

Nilifurahi. Sitalitafutia neno lingine. Furaha ilinipanda kutoka kwenye maji baridi mpaka kichwani, nikasema kwa nguvu, kwa lugha ya nyumbani, "Ok en!" na tena kwa Kiswahili, kana kwamba mwenyekiti hakusikia, "Si yeye! Si yeye!"

Kisha jua likarudi. Kitambaa kilikuwa kimeshuka. Kilitua juu ya mgongo ule na juu ya fulana yangu, kikaanza kunywa maji, na niliponyanyua macho mikono ya yule mwanamke ilikuwa bado imeinuliwa hewani, imeshika mahali ambapo kitambaa hakipo tena.

Aliniangalia kana kwamba nimemfanyia jambo mimi. Halafu akapiga nduru.

Nimechapisha vijitabu vingi vya mazishi, nimesikia nduru nyingi, lakini sikuwahi kusimama karibu na inapoanzia. Watu wa bichi waliokuwa wameshika vifua wakaviachilia. Ndege wakaruka kutoka kwenye matete. Na katikati ya hiyo, simu yangu ikalia mfukoni mwa begi, na ilikuwa namba ya baba mdogo, na nilijua ni nani anayeishika.

Nilipokea haraka huku nikipiga kelele kuishinda ile sauti. "Mama! Ok en! Si yeye, mama, nimeangalia mwenyewe, si yeye! Usifungue mdomo!"

Upande wa pili palikuwa kimya. Nikadhani nimechelewa. Nikadhani ameisikia ile nduru akaidhania yangu, na sasa hivi yake itatoka. "Mama, unanisikia? Si yeye."

"Nimesikia," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Asante Nyasaye." Akapumua, akapumua tena. "Sasa huyo analia hapo ni nani?"

"Ni mwenye mtu."

"Ako na nani?"

Nikatazama. Yule mwanamke alikuwa amepiga magoti majini, ameshika mguu wa suruali nyeusi, na mwenyekiti aliyekuwa akikataza watu kuugusa mwili hakuwa akisema lolote.

"Hana mtu, mama. Alikuja peke yake."

"Basi weka hiyo simu," mama akasema. "Usimwachie hiyo kilio peke yake. Lia na yeye."

Niliitia simu begini, nikapiga magoti pembeni yake. Sikumjua jina, wala sikumjua mume wake. Lakini nduru ilikuwa imenikaa kifuani tangu nilipoifungua ile picha, na nilipofungua mdomo ilitoka yote, ndefu, ikakutana na yake. Alinishika mkono kwa nguvu. Alikuwa anamwita mumewe, nami nikamwita pamoja naye, kwa jina alilolitaja yeye.

Mdogo wangu alipiga simu jioni, kwa simu ya mtu. Boti yao ilikimbilia bichi ya mbali upepo ulipoanza, na simu yake iliingia maji akiwa ameipakata injini badala ya kuipakata simu. Mama alimwambia maneno ambayo hatayarudia kwa mchungaji, kisha akafunua chakula, akakipasha moto upya, akamwekea tena.

Alikuja kibandani alipofika mjini. Alikuwa amevaa ile fulana, imechafuka grisi, na alikuwa na njaa kama kawaida. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na alipoacha kucheka nikamkumbatia, na grisi ikaniingia kwenye blauzi, na sikujali. Akataka kuiona picha. Sikutaka kumwonyesha, lakini yeye ni mbishi kuliko mimi, na mwishowe nikamtolea simu.

Aliitazama akiwa amesimama ndani, chini ya taa. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Utani ulimtoka usoni taratibu.

"Dada," akasema, "hata mimi ningesema ni mimi."

Nikamnyang'anya simu. Kisha nikamshika mkono, nikamvuta mpaka mlangoni, upande wa kivuli, nikamsimamisha pale na kumtazama, uso, mabega, ile zambarau chafu, mpaka akaniuliza kama nimeona doa.